Honi ya Pili

Simu ya kuniarifu kwamba Mwalimu Kamugisha amefariki ilinikuta dirishani kwangu Buswelu, napima maziwa. Mteja alikuwa amenyoosha chupa yake. Nilimaliza kuijaza, nikakaza kifuniko, nikamtakia siku njema, ndipo nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsikiliza mdogo wangu Holo akinieleza kwamba mzee alianguka bafuni, kwamba watoto wake wameamua azikwe kijijini kwetu alikofundisha wala si kwao Kagera. Kitu cha kwanza kunijia hakikuwa huzuni. Naandika kama kilivyokuwa. Niliwaza: sasa nimebaki mimi tu ninayejua. Baadaye, nikipanga vitenge vya safari, niliona ubaya wa wazo lile, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyejua kabla yetu sote, na kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano nilikuwa nimemweka kando kana kwamba yeye ni jambo tulilolificha, si mtu. Anaitwa Kabula.

Siku hizi ghuba ya ziwa iliyo kati ya Buswelu na kijiji chetu inavukwa kwa daraja. Nilikaa upande wa dirisha, na kabla sijayatazama maji vizuri tulikuwa tumeshafika upande wa Sengerema. Nilipokuwa msichana, maisha yetu ng'ambo ile yalipangwa na kivuko. Kilipokaribia gati la upande wetu kilipiga honi moja ndefu, iliyosikika mpaka mashambani. Magari yalishuka kwa mkupuo mmoja, madogo yakitangulia, mabasi yakifuata, malori mwishoni, yakapita kijijini kwetu yakisukumana. Kisha barabara ikabaki tupu, hata kuku akaweza kulala katikati, mpaka kivuko kiende ng'ambo na kurudi tena. Na kabla ya kuondoka kilipiga honi nyingine, fupi. Nazitaja honi hizo mapema kwa sababu mwaka ninaousimulia umekaa katikati yake.

Ulikuwa mwaka lami ilipofika. Wazazi wetu walikuwa wameshatangulia, nami sina la kuongeza hapo ila kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeachia sekondari kidato cha kwanza, na nina wadogo wawili, Holo na Masanja, wanaonitazama mimi kila jioni kuona kama kuna kitu chunguni. Tuliishi katika chumba kimoja cha matofali mabichi kilichobaki imara katika nyumba ya vyumba viwili. Kile kingine kilikuwa kimefumuka bati, tukalaza humo ndama. Usiku tulimsikia akijikuna kwenye ukuta. Asubuhi tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, tukishushia chai ya rangi; mchana hatukula; jioni ugali wa muhogo na dagaa. Maziwa hatukunywa, maana tulikuwa na ng'ombe wanne tu na niliwaachia ndama, nikijua kwamba ndama akidumaa nasi tumedumaa. Masanja, aliyekuwa na miaka saba, alizoea kulalamika kwamba ndama anakula vizuri kuliko yeye. Nilimjibu kwamba akianza kutoa samadi shambani nitamfikiria.

Barabara ya zamani ilikuwa ya changarawe, yenye mashimo, na gari likikuta ng'ombe lilikuwa linasimama, dereva anashusha kioo, anamtania mchungaji, anangoja. Kwetu baada ya mavuno mifugo haifungwi. Mabua yakishakatwa, mashamba yote yanakuwa ya wote. Ng'ombe na mbuzi wanatembea wanakotaka, na jua likifika utosini wanashuka wenyewe kunywa maji ziwani bila kuambiwa. Njia yao ya kushukia ni ileile ya babu zao, na lami ilipita juu yake kama wembe. Wiki za kwanza tulihesabu mbuzi sita. Mbuzi walipenda lami. Asubuhi walijilaza juu yake wakiota joto lake, na gari liliwakuta wakicheua. Kisha akagongwa ndama wa jirani, kisha punda. Wenye magari hawakusimama tena. Nilisikia wazee wakisema kilabuni kwamba zamani barabara ilikuwa inapita kijijini, sasa kijiji ndicho kinachopita barabarani.

Ng'ombe wangu hawakuguswa. Mwalimu Kamugisha, Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya msingi, Mhaya mrefu aliyefunga mkanda juu ya kitovu, aliligundua hilo kabla ya mwingine yeyote. Alinisimamisha njiani akiwa na baiskeli yake, akaniuliza mbona ng'ombe wangu hawagongwi. Nilimwambia nasubiri honi. Ikilia ile ndefu nawazuia kwenye uzio wa minyaa, nahesabu magari mpaka lori la mwisho lipite, halafu nawavusha. Alicheka, akanitaka niende kesho yake nikawafundishe wanafunzi. Nikamwambia mimi sikumaliza shule.

"Sijakuuliza umemaliza nini, binti," alisema. "Nimekuuliza ng'ombe wako hawagongwi kwa nini, na umenijibu."

Jioni hiyo aliniita kwake tupange somo. Nakumbuka sebule ile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia na picha ya harusi, na mezani kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo nilipewa kama mgeni wa heshima, nami nikaimeza nzima nikidhani ni dawa. Mkewe, Mama Adela, aliligeuza jambo hilo kuwa kicheko cha kunikaribisha. Alinipakulia ndizi na maharage mpaka nikaona haya, halafu, bila kusema neno, akafunga nyingine kwenye jani na kuniwekea karibu na kandambili zangu mlangoni. Holo na Masanja walizila wakiwa wameshasinzia. Tangu hapo nikawa naenda kumsaidia jikoni, na shuleni nikawa nafundisha mara mbili kwa wiki, kipindi cha mwisho kabla ya mchana. Watoto waliniita mwalimu. Sijui kama mtu ambaye hakuachishwa shule anaweza kuelewa ladha ya neno hilo. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa na chaki kwenye kucha na sinawi mpaka usiku.

Nilifundisha kwa mchezo. Tulichora barabara kwa majivu katikati ya uwanja. Wengine walikuwa magari, wengine ng'ombe, na msichana wa darasa la saba alipuliza kipande cha bomba la maji, ndiyo honi. Ugomvi haukukosekana. Mmoja alikataa kuwa mbuzi kwa sababu kwao hawafugi mbuzi, mwingine akajitangaza kuwa fuso na akakataa kupunguza mwendo, na dada yake akamwambia fuso gani lina kamasi. Honi ndefu ikilia, ng'ombe walisimama. Magari yalipita yakihesabiwa kwa sauti. Gari la mwisho likishapita, mchungaji aliingia katikati ya majivu, akashika fimbo kwa mlalo, akabaki hapo mpaka mnyama wa mwisho avuke. Niliwaambia akiwa pale katikati asikimbie, kwa sababu mchungaji akikimbia ng'ombe nao wanakimbia na ndama anabaki nyuma. Nilikuwa na hakika na kila neno nililosema.

Kabula alikuwa darasa la nne, msichana mwembamba mwenye sweta lililofumuka mkono mmoja, na aliuliza maswali kwa sababu alitaka jibu. Siku moja, mchezo umeshaisha, kivuko cha kweli kikapiga kule gatini ile honi yake fupi. Akaniuliza ile ya pili inamwambia nani. Sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimeisikia tangu nazaliwa kama ninavyosikia jogoo. Nikamjibu kwamba kivuko kinatuaga.

"Kinatuaga sisi, mwalimu? Mbona hakitujui?"

Darasa zima likacheka, nami nikaacha kicheko chao kiwe jibu langu. Mtoto mwingine akasema basi na sisi tukiage, wakageuka wote upande wa ziwa na kupunga mikono. Ikawa raha yao. Kila honi ya pili iliposikika, watoto arobaini walitazama ziwani na kupunga. Sikuwakataza. Nikaiingiza kwenye mchezo: honi ya kwanza simama, honi ya pili aga. Siku moja nilimwona Mwalimu Kamugisha amesimama dirishani pa ofisi yake, anacheka, naye anapunga mkono.

Honi ile ilikuwa inawaita waliochelewa. Najua sasa, na mtoto yeyote wa kondakta angeniambia siku ya kwanza. Ilikuwa inawaambia wenye magari wanaotoka Sengerema kwamba kivuko kinaondoka, asiyewahi atakaa gatini kutwa. Kwenye changarawe haikuwa na maana, maana hata dereva mwenye haraka alikuwa anaruka mashimo. Kwenye lami, akisikia honi ile akiwa kwenye kona ya juu ya kijiji, alikanyaga mafuta. Mimi niliyajua magari yanayoshuka kivukoni kwa sababu yanakuja kwa kundi na kwa kelele. Yale ya kuwahi yalikuwa moja moja, na ng'ombe wangu mwenyewe, wanne tu, walikuwa wanavuka upesi na kumaliza kabla honi ya pili haijalia. Sikuwahi kuwa na kundi kubwa. Hilo ndilo lililonifanya nionekane na akili.

Kwetu kaya kadhaa huunganisha mifugo wakati wa kwenda majini, na watoto hupokezana zamu. Mwenye zamu alikuwa anaruhusiwa kutoka shuleni mchana. Na kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote na hakuna anayeibishia: mnyama akifa au akipotea kwa uzembe wa mwenye zamu, kaya yake inamrudishia mwenye mnyama mwingine wa kulingana naye. Siku ile ya mwezi wa nane zamu ilikuwa ya Kabula. Alikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini wa kaya tano, wakiwemo wangu, niliokuwa nimewaunganisha nao siku hizo.

Nilikuwa naanika muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nikasikia honi ndefu, nikasikia magari yakipita, nikasikia kimya, na katika kimya kile kengele ya ng'ombe anayetangulia. Nikajisemea moyoni, vizuri. Kisha honi fupi. Kisha breki. Nilikimbia nikiwa na kipande cha muhogo mkononi na nilikuwa bado nacho nilipofika. Ng'ombe wangu mweupe, mama wa yule ndama wa chumba cha pili, alikuwa amelala juu ya lami akijaribu kunyanyua kichwa. Kabula alikuwa kwenye majani ya kando, mguu wake umekaa upande ambao mguu haukai. Hakuwa analia. Dereva, mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alikuwa anazunguka gari lake akirudia maneno yaleyale kwa kila aliyefika.

"Alinipungia mkono. Mtoto alinipungia mkono, nikajua ameniona."

Nilielewa palepale. Hakuna aliyeuliza Kabula alikuwa ametazama wapi alipoinua ule mkono. Mimi sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amesimama katikati, fimbo kwa mlalo, bila kukimbia, akatazama ziwani na kukiaga kivuko, kama alivyofundishwa.

Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa na maneno ya dereva. Mtoto alikuwa anacheza. Alikuwa anapungia magari. Kisimani nilisikia wanawake wakisema kwamba ng'ombe wa Minza, ndiye mimi, walikuwa wanavuka salama kila siku, binti wa watu amejitolea kuwafundisha, na bado mtoto hasikii. Walinipa pole ya ng'ombe. Walinishika mikono. Nyama ya yule mweupe iligawanywa, na tukala, Masanja akala mpaka akaumwa tumbo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila nilipopewa pole, na pole zilikuwa nyingi.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni kwa Mama Adela tukimenya ndizi. Ukuta wa jiko haukufika kwenye bati, kwa hiyo sebule ilisikika kama vile tumekaa humo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekuja. Alisema polisi wanataka maelezo ya shule, na kwamba jambo lenyewe ni dogo, mtoto alikuwa anacheza barabarani. Nilisikia kahawa ikitafunwa. Kisha Mwalimu akasema watoto walifundishwa kusubiri. Mwenyekiti akasema ndiyo, walifundishwa, hakusikia. Mwalimu akaanza tena, "Walifundishwa pia…", akaishia hapo. Nilishikilia kisu. Nilikuwa naomba amalize, na nilikuwa naomba asimalize.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti, sauti ya chini, ya mtu anayesaidia. "Ukiandika mengine, wazazi watakwenda kwa yule binti. Ana wadogo zake pale, hana wa kumsemea. Na wewe utaulizwa nani alimruhusu asiye mwalimu kusimama darasani. Andika alikuwa anacheza."

Nikasikia droo ikivutwa. Mama Adela alikuwa ananitazama, naye kisu chake kimesimama. Sijui alijua kiasi gani. Akaniambia nimenye, maji yanachemka. Nikamenya. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba walinikinga bila kuniuliza, lakini ukuta ule ulikuwa na mlango, na mlango haukuwa umefungwa.

Baba yake Kabula alikuja alfajiri ya siku nyingine, akiwa na mtamba mwekundu kwenye kamba. Alikuwa mtu mpole, marehemu sasa. Alivua kofia mbele yangu, mimi msichana wa miaka kumi na tisa, akasema kanuni ni kanuni na nimsamehe mtoto wake, ni mtoto. Holo alikuwa amesimama mlangoni amejifunga shuka. Masanja aliuliza kwa furaha kama ng'ombe huyo ni wetu kabisa. Nilipokea kamba. Yule mtamba alizaa, na mwanawe akazaa; kwa maziwa yake Holo alisoma mpaka akawa muuguzi, Masanja akapata ufundi, nami nikahamia Buswelu na kufungua dirisha langu. Ng'ombe watatu ninaokamua leo ni wa tumbo lake. Hiyo ndiyo sababu sijawahi kuweza kuyafikiria mafanikio yetu, ambayo watu wa ukoo huyasifia kwenye harusi, bila kuiona kofia ya yule mzee mkononi mwake.

Nilikwenda kumwona Kabula hospitalini, Sengerema, nikiwa nimebeba uji. Mguu ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya nyonga. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na hasira yake ilikuwa ile ya mtu aliyeogopa sana. Alimwambia mbele yangu: umefundishwa, hukusikia, tazama sasa. Alimpiga kofi la mdomo mtoto alipotaka kujibu. Mama alipokwenda kuchota maji, Kabula akanigeukia.

"Mwalimu, nilihesabu."

Nilimwambia anywe uji, asiongee sana.

Nilifundisha mpaka mwisho wa mwaka ule. Somo lilibadilika: honi ya pili ikilia, simama, rudisha, tazama upande wa Sengerema. Sikueleza kwa nini, na hakuna mtoto aliyeuliza, maana aliyekuwa anauliza hakuwepo. Walikuwa bado wanainua mikono kwa mazoea, nami niliwachapa viganja mpaka wakaacha. Mwalimu Kamugisha hakusimama tena dirishani. Tuliheshimiana, tukasalimiana, alisimamia Holo apate nafasi sekondari, na mpaka anakufa hatukuligusa lile neno hata mara moja. Kabula hakurudi shule. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na njia ya shule ilikuwa na mwinuko. Kijijini walimpachika jina, Hasikii, na nilisikia watoto niliowafundisha mchezo wakimwita hivyo.

Msibani nilikuta turubai, viti vya plastiki, na nyuma ya nyumba ileile wanawake wakimenya ndizi zilizoletwa na ndugu kutoka Bukoba. Mama yake Kabula alikuwa miongoni mwao, kazeeka, mgongo umepinda, mikono myeusi kwa utomvu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa upole na kuniuliza habari za maziwa. Nikaondoka upesi kana kwamba nimeitwa. Nilitembea mpaka barabarani. Magari yalikuwa yanapita bila kukoma, kwa sababu daraja halina kundi wala honi. Yanakuja pande zote mbili kutwa. Upande wa minyaa watoto wanne walikuwa wamewazuia ng'ombe na mbuzi, jua liko utosini. Kando yao, chini ya kibanda cha bati, mwanamke alikuwa anashona kwa cherehani ya mkono, ile isiyohitaji mguu.

"Trafiki, tuvuke?" mtoto mmoja alimwuliza.

"Mimi nimenyanyuka?"

"Hapana."

"Basi swali gani hilo."

Akamaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno, akachukua mti wenye kitambaa chekundu alichokishona mwenyewe, akasimama. Alichechemea mpaka ukingoni. Alitazama kushoto, kulia, kushoto tena kwa muda mrefu, akawataka watoto waseme kila mmoja anaona nini, na aliyesema haoni kitu akamwambia atazame tena. Kisha akanyanyua kitambaa, malori yakasimama upande huu, gari dogo likasimama upande ule, na mifugo ikashuka kwenda majini. Alisubiri mpaka ndama wa mwisho. Aliporudi ndipo aliponiona.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. Ana miaka karibu arobaini sasa.

Nilimwitikia. Nikamwambia watoto wanamsikiliza. Akasema anawakataza wasiamini honi, wala gari la mwisho, wala yeye. Waamini macho yao, na bado wasubiri mtu mzima. Alisema hivyo bila kunichoma, na ndiyo maana kulinichoma. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Buswelu, yakaniishia yote isipokuwa moja.

"Kabula, ulihesabu."

"Yalikuwa kumi na nne. La mwisho lilikuwa lori la mbao." Alikunja kitambaa chake. "Mimi najua, mwalimu. Asiyejua ni mama."

Tulirudi msibani taratibu, kwa mwendo wa mguu wake. Nilipiga magoti mbele ya mama yake, kati ya maganda, wanawake wengine wakanyamaza wakidhani naleta habari za mazishi. Nilimwambia mbele yao wote. Nilimwambia kuhusu honi ya pili, kwamba mtoto aliniuliza inamwambia nani na mimi nikamdanganya bila kujua, kwamba kupunga mkono niliwafundisha mimi, kwamba Kabula siku ile alifuata kila kitu nilichosema na ndicho kilichomvunja. Nilimwambia kwamba nilijua siku ileile. Nilimwambia kwamba mtamba hakuwa haki yangu, na kwamba wa tumbo lake wako watatu Buswelu, ni wa kwao.

Mama alikuwa ameacha kumenya. Alisema habari za ng'ombe zitazungumzwa na wanawe, si hapa, si leo. Hakunitazama. Aliuliza kama Mwalimu Kamugisha naye alijua, nikasema alijua. Akatikisa kichwa kuelekea nyumba ambamo jeneza lilikuwa, kama mtu anayeahirisha ugomvi ambao hautapata siku nyingine. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu ameegemea mti wake.

"Honi ya pili ikilia," alisema, "mlikuwa mnafanyaje?"

Kabula aligeuka upande wa ziwa, ambalo kutoka pale halionekani, limezibwa na nyumba, na akainua mkono wake wa kulia, akapunga, polepole, kiganja wazi, kama mtoto wa darasa la nne. Akaendelea kupunga. Mama aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, na kisu kikamdondoka kwenye maganda.

"Shusha mkono, mwanangu," alisema. "Shusha. Nimeona."